Gasketi ya manifodi si ramani ya kuchongea hedi

Marahaba, kijana wangu wa Masasi. Umeandika kwa kirefu, na umefanya vizuri. Nitaufupisha ujumbe wako ili na wengine wafuate. Una Toyota Hilux ya injini ya 22R, ya kabureta, unabebea ufuta na korosho kutoka vijijini hadi ghalani. Gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) iliungua, hedi ikavuliwa na kupelekwa kuskimiwa, yaani kukwanguliwa uso unyooke, na sasa iko juu ya benchi. Fundi wako anasema kwa kuwa kazi imeshafunguliwa, mchonge matundu ya hewa ya hedi na ya manifodi (mabomba yanayoleta hewa kwenye hedi) yalingane, gari lipande mlima wa Newala bila kuhema. Gasketi mpya ya manifodi mliyonunua ina matundu yaliyozidi yale ya hedi kwa milimita 3 kila upande, na yeye anataka kuchonga mpaka afike kwenye ukingo wa gasketi. Fundi wa pili amekwambia msichonge, mjaze pengo kwa silikoni mfunge. Unauliza umfuate yupi, na gasketi inayofaa utaijuaje.

Usimfuate hata mmoja. Silikoni iondoe kabisa mawazoni, sababu nitaieleza huko mbele. Na grainda iwekwe chini kwanza mpaka mjue matundu ya hedi na ya manifodi yamepishana kiasi gani, maana hilo hamjalipima. Ujumbe wako wote unazungumzia gasketi na hedi. Manifodi, ambayo ndiyo inayoleta hewa, haina hata kipimo kimoja.

Kazi ya gasketi ni kuziba. Aliyeikata aliyapa matundu nafasi ya ziada kwa makusudi, ili gasketi moja ikubaliane na hedi zenye tofauti ndogondogo, na ili isichungulie ndani ya njia ya hewa hata ikisogea kidogo wakati wa kufunga. Ukingo ule haukupimwa na mtu aliyekuwa akiwazia hedi yako. Ukiufuata kwa grainda utakuwa umechonga kwa kufuata nafasi ya ziada ya mtengenezaji, na ukibadilisha gasketi mwaka ujao ukanunua ya kampuni nyingine, utakuta ukingo uko mahali pengine.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua tundu la duara lenye kipenyo cha milimita 38. Ukiongeza milimita 3 kila upande, kipenyo kinakuwa 44. Eneo la tundu linatoka milimita za mraba 1,134 hadi 1,520, yaani limeongezeka kwa theluthi nzima. Hewa ileile ikipita hapo, kasi yake inashuka kwa karibu robo. Kisha sentimita mbili tatu ndani, ambako grainda ya fundi wako haikufika, tundu ni lilelile la 38. Hapo mmetengeneza tumbo la mtungi: hewa inatanuka, inapoa kasi, halafu inabanwa tena shingoni kabla ya kuifikia valvu.

Kwenye injini ya kabureta hilo lina ubaya wa pili. Petroli inasafiri na hewa ikiwa matone madogo tangu kwenye kabureta. Kasi ndiyo inayoyabeba. Kasi ikishuka, matone yanaangukia ukutani, yanatiririka, na silinda moja inapata mafuta mengi huku nyingine ikipata hewa kavu. Gari lako si la mashindano. Linapanda Newala na magunia nyuma, gia ya pili, injini iko mizunguko ya chini, na nguvu unayoitaka iko huko chini. Matundu mapana yana faida pale injini inapozungushwa sana. Kwa mzigo na mlima, tundu lenye kasi nzuri linakufaa kuliko tundu pana, na hili ndilo ninaloomba ulishike kuliko yote niliyoandika hapa.

Je, kulinganisha matundu hakuna maana? Kuna maana sana, ila maana yake si kupanua. Maana yake ni kuondoa kizingiti. Fikiria maji yanayopita kwenye mabomba mawili yaliyounganishwa. Bomba la kwanza likiwa dogo kidogo kuliko la pili, maji yanavuka bila kugonga kitu. Likiwa kubwa kuliko la pili, maji yanapiga uso kwenye ukuta wa la pili, yanachafuka na kurudi. Basi kwenye injini, manifodi ni bomba la kwanza na hedi ni la pili. Tundu la manifodi linaweza kuwa dogo kuliko la hedi kwa nusu milimita hadi milimita moja, na hakuna litakaloharibika. Tena ngazi ndogo ya namna hiyo husaidia kuzuia hewa inayotaka kurudi nyuma injini ikiwa mizunguko ya chini. Kinachoua ni kinyume chake: manifodi pana, hedi ndogo, au matundu yaliyo sawa kwa ukubwa lakini yamepishana, moja juu, jingine chini. Na kibaya kuliko vyote ni gasketi yenyewe kujitokeza ndani ya njia. Ukingo wa karatasi wa milimita 2 unaoning'inia ndani ni kizingiti, na petroli na joto vikiulainisha unakatika vipandevipande na kuvutwa kwenye valvu.

Naujua uchungu wa kuchonga kwa kufuata gasketi kwa sababu niliwahi kuufanya. Ni miaka mingi sasa, hapa Mtwara, injini ya silinda nne kama yako. Nilipaka uso wa hedi rangi ya bluu, nikabandika gasketi, nikachora kwa msumari, nikachonga mpaka mstarini. Kwa macho ilipendeza. Silinda ya nne iko jirani na njia ya maji, na nilipomaliza, ukingo uliobaki kati ya tundu la hewa na tundu la maji ulikuwa mwembamba kama mbavu za kiberiti. Nilijiambia utashika. Haukumaliza wiki mbili. Maji yakawa yanapungua kwenye rejeta bila kuonekana chini, asubuhi moshi mweupe, plagi ya nne ikitoka imeoshwa safi kama mpya. Ikabidi hedi ijazwe kwa kulehemu alumini na kusawazishwa upya, kazi iliyogharimu kuliko ovaholi yenyewe, na mwenye gari alikosa msimu. Na 22R yako ina tabia hiyohiyo: maji ya kupooza yanapita ndani ya manifodi, kwa hiyo gasketi ileile inayoziba hewa inaziba na maji. Ukingo ukiwa mwembamba, maji na hewa vinakutana.

Sasa fanyeni hivi. Kazi ya kwanza haihitaji umeme.

Nunua karatasi mbili za manila, zile wanazochorea wanafunzi. Safisha uso wa hedi na uso wa manifodi, upake grisi nyembamba sana kwa kidole, iwe kama mafuta ya kujipaka, si rundo. Weka manila juu ya uso wa hedi, toboa kwanza matundu mawili ya bolti za mwisho, kulia na kushoto, ili karatasi isitembee, kisha kandamiza kwa kiganja. Ukiinua utapata chapa ya hedi nzima: matundu manne, njia za maji, bolti zote. Kata matundu ya bolti vizuri. Rudia kwenye manifodi kwa karatasi ya pili. Kumbuka nyuso hizi zinatazamana, kwa hiyo karatasi moja utaigeuza. Ziweke pamoja, pitisha bolti halisi kwenye matundu yake ya mwisho, na uinue juu ya tochi ya simu. Pale mwanga unapoonyesha mstari mmoja, matundu yamekutana. Pale unapoona mistari miwili, pima umbali wake kwa venia, ile rula ya taya ya vipimo vidogo. Andika kwa kila tundu, juu, chini, kushoto, kulia. Silinda nne, vipimo kumi na sita. Ukivipata hivyo, ninyi wawili mtazungumza jambo mnalolijua.

Mara nyingi utagundua kwamba matundu mawili yamekaa sawa na mawili yamesogea upande mmoja. Hapo usikimbilie grainda. Kwanza uliza kama manifodi yenyewe ndiyo imesogea. Stadi (bolti isiyo na kichwa) ya milimita 8 inapita kwenye tundu lililo pana kidogo kuliko yenyewe, na nafasi hiyo inatosha kuihamisha manifodi karibu milimita nzima kutegemea nani ameifunga na aliisukuma upande gani. Manifodi ikiwa haina kitu cha kuishika mahali pamoja, kulinganisha matundu ni kujidanganya, kwa sababu leo mmelinganisha ikiwa imelala kulia, kesho mtaifunga imelala kushoto. Dawa ni pini mbili. Manifodi ikiwa imekaa mahali sahihi na imebanwa, toboa tundu dogo la milimita 4 au 5 kwenye flanji (uso bapa wa manifodi unaofungwa kwenye hedi), sehemu nene yenye chuma cha kutosha na isiyo na njia ya maji nyuma yake, kila mwisho mmoja, liingie kidogo na kwenye hedi, upigie pini ya chuma. Gasketi nayo itobolewe hapohapo. Kuanzia siku hiyo vitu vitatu vinakaa mahali pamoja kila vinapofungwa. Gereji nyingi haziweki pini hizi, nami nasema bila kuogopa kwamba zina thamani kuliko saa tano za grainda.

Umeuliza pia kama kuskimu hedi kumeharibu ulinganifu. Kwa injini yako, hapana. Silinda zako zimepangwa mstari mmoja na manifodi inafungwa kwenye hedi tu, kwa hiyo hedi ikishuka, manifodi inashuka nayo. Wenye injini za V, kama Prado ya 5VZ, wao ndio wenye shida hiyo, kwa sababu manifodi inakaa katikati ya hedi mbili, na hedi zikipunguzwa zinasogeleana. Kwako angalia jambo moja dogo: kama manifodi ina mguu unaofungwa kwenye bloku, mguu huo sasa tundu lake limepishana kwa kiasi kilichokwanguliwa. Ukiufunga kwanza utaivuta manifodi. Ufungwe mwisho kabisa, na kama bolti haiingii kwa mkono, litanueni tundu la mguu kwa tupa.

Baada ya vipimo, ndipo mchague gasketi. Chukua ile iliyotoka, hata kama imeraruka, na chapa ya manila, uende navyo dukani. Usiende na jina la injini peke yake. 22R ilitengenezwa kuanzia 1981 hadi katikati ya miaka ya 1990, na 1985 ilifanyiwa mabadiliko makubwa, kwa hiyo jina moja limebeba injini zaidi ya moja, na hedi nyingi huku kwetu zimeshahamishwa kutoka gari hili kwenda lile. Muuzaji akikwambia "za 22R zote ni moja", mwombe aifungue pakiti uilaze juu ya manila yako. Duka likikosa Masasi na Mtwara, ukiagiza Kariakoo, watumie picha ya chapa ikiwa na rula pembeni, na uwasisitize gasketi isafiri ikiwa imelala kati ya maboksi mawili yaliyofungwa kwa kamba. Nimepokea gasketi nyingi kutoka kwenye basi zikiwa zimekunjwa mara mbili kama gazeti. Ile yenye bati katikati ikishapata mkunjo haizibi tena, hata uinyooshe kwa nyundo.

Inayokufaa ni hii: kila tundu la hewa limezidi tundu la chuma kwa karibu milimita moja pande zote. Ikizidi nusu milimita tu ni kidogo, kwa sababu gasketi ya nyuzi ikibanwa inatanuka kuelekea ndani. Ikifika milimita moja na nusu bado niko radhi. Kisha tazama nyama iliyobaki kati ya tundu la hewa na la maji. Mimi nataka isipungue milimita 5 iliyokaa juu ya chuma kizima pande zote mbili. Hiki ni kipimo changu kutokana na zilizonirudia.

Hiyo mliyonayo ya milimita 3, ikiwa nyama ya kuzibia inatosha, hata ukiifunga bila kuchonga kitu gari litatembea. Kitakachobaki ni mfereji mwembamba wenye unene wa gasketi yenyewe kuzunguka tundu. Hewa inauruka bila kuuhisi sana. Si kizuri, lakini ni mara mia kuliko tumbo la mtungi. Tafuteni iliyo karibu zaidi, mkikosa na msimu ukagonga mlango, hiyo ifungwe ilivyo.

Kuhusu malighafi, kwa manifodi ya alumini juu ya hedi ya alumini kama yako, gasketi ya nyuzi iliyobanwa, yenye bati jembamba katikati, ndiyo ninayoipenda. Inafuata mikwaruzo midogo ya uso uliozeeka na unaweza kuipunguza kwa wembe pale inapochungulia. Ile ya chuma tupu yenye mgongo ulioinuka kuzunguka matundu inataka nyuso mpya zilizonyooka, na haikatwi kamwe: ule mgongo ndio unaoziba, ukiugusa umeiua. Ile ya karatasi ya kukata mwenyewe inafaa pale tu karatasi ikiwa ya aina inayostahimili petroli na maji ya moto. Mkiikata, msiilaze juu ya hedi na kuigonga kwa nyundo kandokando kama tulivyozoea kwenye sampu, bakuli la oili. Alumini ni laini. Kila pigo linazungusha ukingo wa tundu, na ukingo uliozungushwa haushiki gasketi. Kateni kwa wembe juu ya ubao, matundu ya bolti kwa kipande cha bomba kilichonolewa.

Na silikoni? Petroli inailainisha. Ukijaza pengo la milimita 3 kwa silikoni kwenye njia ya hewa, itavimba, itaachia, na itavutwa ndani. Nimeshaitoa kwenye kiti cha valvu ikiwa kama ubani uliotafunwa, valvu haifungi, injini inamisi. Kuzunguka tundu la maji, filamu nyembamba ya silikoni ya injini inaruhusiwa ikiwa uso una vidonda vidogo. Karibu na tundu la hewa, hapana. Gasketi nzuri juu ya uso mzuri hufungwa kavu.

Sasa tuseme vipimo vyenu vimeonyesha kizingiti cha kweli, kwa mfano manifodi imezidi hedi kwa milimita moja na nusu upande wa juu wa tundu la pili na la tatu. Hapo chongeni, lakini kwa kufuata chapa ya manifodi, si gasketi. Valvu zitoke kwanza. Kama haziwezi kutoka, tundu lizibwe kwa kitambaa kilicholowa grisi kiingie ndani kabisa, maana unga wa alumini ukibaki kwenye gaidi ya valvu (mrija unaoongoza shina lake) utaila. Choreni mstari juu ya rangi ya bluu iliyopakwa kwenye hedi kwa kitu chenye ncha, mkizingatia pini zenu. Chongeni upande uliozidi tu, msizungushe tundu zima. Kisha mteremko uingie ndani taratibu kwa sentimita 2 hadi 2 na nusu, usiwe ngazi. Simameni kabla ya mstari kwa upana wa nywele, mmalizie kwa msasa namba 80 uliozungushwa kwenye kijiti. Msing'arishe kama kioo. Ukuta wenye ukwaru mdogo unasaidia petroli iliyoangukia pale kurudi hewani, ukuta wa kioo unaiacha itiririke. Pitisheni kidole gumba kutoka upande wa manifodi kuelekea hedi. Kidole kikigota, hewa nayo itagota.

Kabla ya kufunga, nyuso. Gasketi ya zamani mkiikwangua iloweni kwanza kwa maji au dizeli, na mdomo na pua vifunikwe, kwa sababu gasketi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto na vumbi lake lina madhara ya kudumu kwenye mapafu. Kwangueni kwa kipande cha plastiki ngumu au shaba, si patasi. Kisha rula ya chuma iliyonyooka iwekwe kwenye uso, kwa urefu na kwa mshazari, na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia pengo) ijaribiwe chini yake. Ikipita ya milimita 0.20, uso huo unaenda kusawazishwa, na usiruhusu mtu akwambie gasketi itaficha. Tazameni sana kandokando ya njia za maji. Huku pwani wengi wanajaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi inaitafuna alumini ikaacha mashimo kama meno yaliyooza. Shimo likifika katikati ya mahali gasketi inapokaa, litajazwa na mtaalamu wa kulehemu alumini au manifodi ibadilishwe. Na kuanzia sasa, wewe mwenyewe, jaza kulanti. Ni hela unayoiona ikitoka leo, lakini hedi ya alumini ni hela nyingi zaidi.

Kufunga kwenyewe ni kwa subira. Ijaribuni kwanza gasketi kavu, mkihakikisha haijageuzwa: ikigeuzwa, matundu ya hewa yanaweza kuonekana sawa huku njia ya maji imezibwa. Nyuzi za bolti zisafishwe na zipite zote kwa vidole. Anzeni na za katikati, nendeni nje kwa kupishana, mzunguko wa kwanza wa kugusa tu, wa pili nusu ya nguvu, wa tatu nguvu kamili, ambayo kwa manifodi ya injini yako ni takriban Nm (nyutoni-mita) 19. Hiyo ni nguvu ndogo. Mkono wa fundi aliyezoea bolti za hedi unaipita bila kujua, uzi wa alumini unang'oka, au flanji inapinda katikati ya bolti na gasketi inaachia palepale. Azimeni toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Kama hamna kabisa, tumieni spana fupi iliyoshikwa kwa vidole vitatu karibu na kichwa, na mkimbieni mtu anayetaka kuongeza bomba.

Injini ikiwaka, iacheni ipate joto mpaka sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) itulie, kisha sikilizeni. Manifodi inayovuta hewa hupiga mluzi, na sailensa hupanda na kushuka kama mtu anayepumua kwa shida. Wengi hupuliza petroli kando ya manifodi wakitafuta uvujaji. Msifanye hivyo, cheche za distribyuta ziko jirani. Tumieni chupa ya kunyunyizia yenye maji: mkipita penye uvujaji, maji yanavutwa, mluzi unakatika na sailensa inabadilika. Jaribuni injini ikiwa baridi na ikiwa moto, kwa sababu chuma kikipata joto kinatanuka na kuficha uvujaji mdogo.

Mwenye geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa ndani ya manifodi, mtafuteni. Iunganisheni chini ya kabureta, kwenye manifodi. Huku usawa wa bahari, Mtwara au Lindi, injini nzima ikiwa sailensa husoma inchi 17 hadi 22 za zebaki na mshale umetulia. Mshale ukiwa chini lakini umetulia, huenda ni uvujaji unaogusa silinda zote, au taimingi (wakati wa cheche) imechelewa. Ukiwa unatikisika kwa mpigo, shuku silinda moja. Usishtuke ukipanda Newala ukakuta mshale umeshuka kama inchi 2. Hewa ya juu ni nyepesi, na kila mita 300 za kupanda hupunguza karibu inchi moja. Nimeona gari likifunguliwa manifodi upya kule juu kwa sababu ya kusoma geji na kusahau mlima.

Baada ya siku mbili tatu za kuwaka na kupoa, injini ikiwa baridi, rudieni bolti zote kwa nguvu ileile, Nm 19, kwa kuwa gasketi ya nyuzi hulala kidogo. Angalia maji ya rejeta kila asubuhi wiki ya kwanza. Ukiwa na mzigo wa kawaida panda mlima mara moja, zima gari mara tu unapofika juu, iache ipoe, fungua plagi nne uzipange kwa mpangilio wake juu ya kitambaa. Zikiwa za kahawia hafifu zote nne, mchanganyiko unagawanyika sawa. Moja ikiwa nyeupe peke yake, silinda hiyo inavuta hewa ya wizi. Usisubiri iunguze valvu: rudi kwenye tundu lake, kwenye ile karatasi ya manila, na uanze kupima pale.